Sikio la Wembe Kituku

Naapa kwa mawe yote meusi ya Goma: humu hamna hata chembe ya uongo.

Saa moja asubuhi, nyuma ya soko la samaki la Kituku, Joviale Munezero anamshona mbwa jike aliyelala juu ya meza ya mbao. Ni yule mbwa anayejua bei ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, kuliko wachuuzi wenyewe. Ameshamtoa kizazi na kumchanja. Mwisho anamkata ncha ya sikio la kushoto, usingizi ukiwa bado umemlevya.

"Hii alama ni ya kusema huyu hatazaa, hataleta kichaa," anafoka muuguzi huyu wa mifugo. "Wamuache!"

Ana haki ya kufoka. Mwaka jana sumu ilitupwa sokoni ndani ya nyama. Mbwa wakafa wakitoa povu. Punde wakaja mbwa wageni wasiochanjwa, mmoja akamuuma binti wa Mama Ramla. Kichaa cha mbwa kikamuua.

"Sumu haikumaliza mbwa," Joviale anasema. "Ilimaliza mutoto."

Baada ya msiba huo, Papa Donat, shefu wa mtaa, alikubali: mbwa mwenye alama asiguswe.

Leo anakuja na kopo la sumu, akivuta kwa kamba mbwa jike mwekundu. Sikio limekatwa. Tumbo limejaa mimba.

"Mama, hii ni kufunga kizazi gani? Mapatano yamekufa. Jioni ninatupa dawa yangu."

Joviale anapapasa tumbo. Hakuna kovu.

"Huyu sikumupasua! Mutu alikata sikio na wembe, basi. Ni wa nani?"

Mbwa, asiye na adabu, ananijia akitikisa mkia na kulalia viatu vyangu.

"Muzee Yuma!" Joviale ananigeukia.

"Aliumwa na mamba," ninajitetea.

"Mamba ndani ya Kivu? Ziwa hili halina mamba!" Papa Donat anacheka. Joviale hacheki.

"Kwa uvivu yako, muzee, wangekufa wote wenye nilipasua. Kisha tungezika mutoto mwingine. Huyu azae kwanza, halafu utaleta yeye na watoto wake wote. Na leo utapita kila mulango, useme kwa kinywa yako. Mimi nataka mbwa wote wa Kituku wapite hapa mbele ya mvua kuanza."

Papa Donat anaweka kopo chini. "Ninangoja mpaka jioni."

Basi navuta kamba, natangaza: "Sikio hili nilikata mimi!" Mlango wa kwanza wanauliza habari za mamba. Wa pili pia.

Mlango wa tatu, mwanamke hacheki. Anaingia ndani, anatoka na mbwa wake. Sikio la wembe, tumbo bila kovu.

"Twende, muzee," anasema.