Paka Aliyechutama Jivuni

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu milimani, juu ya Lukozi, hapakuwa na mnyama aliyeruhusiwa kuumwa. Ng'ombe akilegea, ameangaliwa na jicho baya. Kuku jike akiwika, ni mkosi. Bundi akitua juu ya paa, ametumwa. Kila kiumbe chenye manyoya au mbawa kilikuwa mtumishi wa idara ya utabiri, na watumishi wa idara hiyo hawakuwa na likizo ya ugonjwa.

Paka wetu aliitwa Mghoshi, ambalo kwa Kishambaa ni mwanamume, na jina lilimkaa. Alikuwa dume la kijivu lenye shingo nene na sikio moja lililochanika. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, ghala la mbegu lilijengwa nyuma ya nyumba yetu, naye Mghoshi akalichukua kuwa lake bila kuitwa kwenye mkutano wowote. Panya walipungua mpaka katibu wa kijiji akamtaja katika muhtasari: "Mlinzi wa ghala, wa kujitolea." Baba alitusomea mstari huo kwa majivuno, utadhani mtoto wake amechaguliwa kwenda sekondari.

Asubuhi moja ya ukungu, tukiwa tumeuzunguka moto, Mghoshi alikuja akachutama kwenye jivu karibu na mafiga. Akajikamua, mgongo umepinda, mkia unatetemeka. Alipoondoka, jivu lilikuwa kavu. Akaenda kuchutama kizingitini. Kavu. Akarudi jivuni. Katikati ya safari hizo alijilamba huko chini bila kupumzika, kisha akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nzito na ndefu, kama mtu anayegombana na nafsi yake.

Bibi, mama yake baba, aliweka kikombe chini.

"Asimguse mtu."

"Kwa nini, Bibi?"

"Anapima kaburi. Dume la paka likichutama mekoni lisiache kitu, linapima kaburi la mtu wa nyumba hii. Ukiligusa, vipimo vinakuwa vyako."

"Siku ngapi, mama?" mama yangu aliuliza.

"Tatu. Hazizidi."

Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, tena Mlutheri wa kubatizwa utotoni, alisema huo ni upagani mtupu. Aliyasema hayo huku akisogeza kigoda chake mbali na paka.

Hapo nyumba nzima ikaanza kuugua. Babu alikikumbuka kifua chake. Mama alinipapasa paji la uso mara nne kabla ya mchana. Baba alikwenda kupima mwenyewe kama nguzo ya paa imelika, asije akaangukiwa. Sote tulichunguzwa afya siku ile, na mgonjwa pekee aliyekuwamo alipita katikati yetu akichutama na kulia, nasi tukimpisha njia kwa heshima kama anavyopishwa mkuu wa wilaya. Naandika haya baada ya miaka mingi na damu bado inanichemka. Alituomba msaada mbele ya macho ya watu wazima wanne, nao wakakaa wakihesabu ni nani kati yao atakayekufa.

Jioni hakugusa maziwa. Usiku alitapika.

Kesho yake wote walikuwa wanakwenda shamba la kijiji. Nilikuwa na miaka tisa, nikasema tumbo linaniuma. Kwa hali ya nyumba yetu wakati ule, hakuna aliyethubutu kubisha. Mama aliondoka akifuta machozi. Walipotoweka kwenye ukungu nilimwinua Mghoshi. Chini ya tumbo, kwa nyuma, palikuwa na kitu cha mviringo, kigumu kama peasi bichi. Nilipokigusa alipiga kelele. Nikamtia katika kikapu cha mboga, nikamfunika kanga, nikashuka naye mpaka kwenye josho la ng'ombe, mwendo wa saa nzima, kwa bwana mifugo.

Bwana mifugo alikuwa kijana mgeni aliyehamishiwa kwetu, mwenye koti jeupe na kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo bwana mifugo."

"Marahaba. Kuku huyo?"

"Paka. Hawezi kukojoa."

Alifungua daftari kubwa akaligeuza upande wangu. "Soma hapo juu."

Nikasoma: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku.

"Umemwona paka?"

"Hapana."

"Basi. Paka si mfugo, mwanangu. Paka ni mkazi."

"Huyu ni mlinzi wa ghala la kijiji," nilisema. "Ameandikwa."

Neno hilo lilimfanya aweke kalamu chini. "Ameandikwa? Hiyo sasa ni habari nyingine. Niletee barua ya balozi wa nyumba kumi, yenye mhuri wa katibu. Kesho asubuhi utanikuta."

"Mtazame tu, bwana mifugo."

"Nikimtazama bila barua, nitakuwa nimemtazama kama nani?"

Tangu siku ile nimesoma vitabu vingi, vingine vya falsafa, na swali hilo sijalipatia jibu.

Balozi alikuwa kwenye kazi ya kujitolea barabarani. Alirudi saa kumi, akanawa, akala, akaitafuta miwani, akaandika. Katibu alikuwa na mhuri lakini kidau cha wino kimekauka, ikabidi akitemee mate. Barua yenyewe ilikuwa ile ile waliyoandikiwa wote waliotoka kijijini kwenda kokote: "Mleta barua hii ninamfahamu. Ni mkazi wa kijiji hiki, mlinzi wa ghala, na ana tabia njema."

Usiku ule nilimficha Mghoshi ghalani; siku ya tatu nilitoroka alfajiri, nikafika josho kabla ya ng'ombe. Bwana mifugo aliisoma barua mara mbili, akaitoboa, akaitia kwenye jalada, ndipo akafunua kikapu. Mghoshi alikuwa halii tena. Amelala ubavu, masikio ya baridi. Yule kijana alipapasa tumbo kwa vidole viwili, taratibu, na uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza nikamwona tabibu ndani ya lile koti.

"Hajakojoa tangu lini?"

"Juzi asubuhi."

"Hata tone?"

"Hata tone."

Alishusha pumzi. "Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno. Kibofuni kunakuwa na vitu kama mchanga, vinashuka, vinaziba. Mkojo ukikosa pa kwenda, sumu yake inarudi kwenye damu. Jana ningeweza kumzibua."

"Jana nilikuja."

Aliwasha jiko la mafuta ya taa, akaweka maji ya kuchemshia mrija mwembamba kuliko yote aliyokuwa nayo, na nitampa haki yake: safari hii hakungoja karatasi. Mghoshi alikufa maji hayajachemka.

Kisha alichukua rula. Akachora safu mpya daftarini, kwa unadhifu kabisa, juu akaandika "Paka", chini akaandika "1". Kwenye nafasi ya maelezo akaandika: "Alicheleweshwa kuletwa."

Nilipanda mlima na kikapu kichwani. Bibi alikuwa mlangoni. Alifunua kanga, akatazama, akainua mikono miwili juu.

"Mungu ni mwema! Kimempitia yeye."

Kifo kilichokuja kwa mmoja wetu kilikuwa kimechukuliwa na paka. Kuku alichinjwa. Babu, ambaye kifua kilikuwa kimembana kwa siku tatu, alikula paja na kuomba mchuzi zaidi. Baba alisali, akashukuru kwa maneno ya jumla.

"Amekufa kwa kuzibwa mkojo," nilisema. "Alikuwa anatuambia."

"Si ndiyo, alikuwa anatuambia," Bibi alisema, akiniwekea kidari kwenye sahani. "Na mimi si niliwafasiria?"

Sikula. Mama alinifinya chini ya meza ndogo, lakini sikula.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mgeni alisimuliwa. Ungemshindaje? Alisema kifo siku ya tatu, na siku ya tatu kifo kikaja. Kwa muda mrefu nilidhani wazee wale walikuwa wajinga, na hasira yangu ilikuwa rahisi. Siku hizi ni ngumu zaidi, kwa sababu najua hawakuwa wajinga. Dume likizibwa kabisa, siku mbili au tatu ndicho kipimo chake. Walikuwa wameangalia vizuri, kizazi baada ya kizazi: paka achutame, jivu libaki kavu, kifo kije ndani ya siku tatu. Waliona kila kitu isipokuwa kwamba aliyekuwa anakufa ni yule yule waliyekuwa wakimtazama. Kisha wakaweka mwiko wa kumgusa, na kwa mwiko huo utabiri ukawa haukosei kamwe. Hata ofisi yenye mhuri haikuweza kupanga vizuri kuliko hivyo, ingawa ilijitahidi.

Nimefika umri wa kuamkiwa na kusikilizwa, na ninautumia bila haya. Mtu akiniambia dume lake linachutama kila saa, halitoi kitu au linatoa tone lenye damu, linalia na kujilamba, simwachi amalize. Wengi hudhani ni choo kigumu, wanatafuta mafuta ya kumnywesha, wanasema tumwangalie mpaka kesho. Nawaambia wasimnyweshe kitu, wasimkamue tumbo maana kibofu kitapasuka, wampeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuja na habari hiyo hiyo ya dume lake, aliniuliza nusu kwa mzaha kama si kweli ile ni dalili ya kifo.

"Ni dalili ya kifo," nilimwambia, "tena ya hakika kabisa. Ndiyo maana nashangaa bado umekaa."