Makumbusho ya Mdudu Aliye Hai

Nilitoka Nunguni kwa sababu ya ghala langu. Mdudu mgeni, mweusi, alikuwa anageuza mahindi yetu kuwa unga kabla hayajafika posho mili. Kisha chifu akatangaza barazani kwamba watu wa makumbusho wamefungua maonyesho Kitui, na mdudu huyo yuko. Shule niliacha darasa la pili, lakini Kiswahili nakijua. Makumbusho ni ya kukumbuka vitu vilivyokwisha. Nikasema, basi dawa imepatikana.

Saa kumi na moja alfajiri nikapanda basi la Machakos, nikabadilisha huko, na saa saba mchana nikawa Kitui. Nilibeba mahindi kumi, yale mazuri kabisa. Maonyesho ni mashindano.

Ukumbini, mdudu alikuwa ndani ya chupa, anatembea.

"Huyu mbona hajafa?"

"Tunamchunguza, mzee," akasema msichana wa koti jeupe. "Utafiti unaendelea."

"Na dawa?"

"Bado hatujajua ipi inafaa. Kwako mnafanyaje?"

Mabasi mawili, halafu naulizwa mimi! Nikamwambia mke wangu huchanganya majivu. Akaandika, kama mimi ndiye mwalimu. Kisha akageuza mahindi yangu. "Mazuri, lakini nilitaka yaliyoliwa."

"Hayo nimeyaacha nyumbani. Nani hupeleka aibu kwa maonyesho?"

Mama mmoja aliyetoka kijiji cha Tulia, nyuma yangu, akacheka. "Mimi nimeleta aibu debe zima."

Msichana akanipa kazi. Gunia moja nitie majivu, lingine niliache hivyo hivyo, baada ya miezi miwili nimletee habari. Nilimwuliza mara tatu kama nimesikia vizuri. Alirudia vile vile.

Jioni ya siku ya pili nikafika nyumbani. Mke wangu alikuwa mlangoni.

"Baba Mutua, dawa iko wapi?"

"Hawajui. Wanataka tuache gunia moja liliwe, ndipo tujue."

"Liliwe la nani? Waambie waache lao."

Tulibishana mpaka uji ukapoa. Tukapatana debe moja, si gunia.

Nilichojifunza ni kwamba waliosoma pia husema "sijui", tena bila haya. Kama ni elimu au ni uvivu, mimi sijaamua. Kila asubuhi nafunua debe lile lisilo na majivu. Mdudu akilila, nimepoteza chakula. Asipolila, nimepoteza safari. Nasimama pale na sijui niombe nini.