Nilimficha Mwizi wa Maksai kwa Falsafa

Nimekosa, na sitafuti wa kunihurumia. Siku hizi hata sauti yangu mwenyewe nikiwa darasani inanichukiza.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Ruvuma, nimepangiwa kazi huku Serengeti, upande wa Nyansurura. Nafundisha maadili. Maadili, jamani!

Nilipanga chumba kwa mama mmoja, nimwite Mama Marwa. Alinipokea kama binti yake. Nikiugua ananipikia uji, nikichelewa ananiwekea ugali. Marwa ni mwanawe wa kwanza.

Asubuhi moja nikiwahi zamu, nilikutana na huyo Marwa akiswaga maksai mweusi mwenye sikio lililochanika. Kila mtu kijijini anamjua yule maksai. Ni wa Bhoke, mjane; yeye na maksai mwenzake ndio jozi inayomvutia jembe. Marwa alinisalimia, nikaitikia, nikapita.

Jua halijapanda, yowe likapigwa. Lawama zikamwangukia Mwita, aliyeajiriwa na Bhoke kuchunga. Mwita akauomba mkutano wa kijiji jambo moja tu: mwalimu hupita njia ya kwa Bhoke kila asubuhi, aulizwe alimwona nani.

Nikaitwa. Mzee aliyeongoza mkutano akaniambia, "Mwalimu, hapa kila mtu ana ukoo wake. Wewe huna. Utakachosema, hicho ndicho tutakachoshika."

Mama Marwa alikuwa amekaa mbele, ananitazama. Nikawaza chumba, nikawaza ule uji, nikaogopa. Badala ya kujibu, nikaanza kuhutubia!

Nikawaamkia wazee shikamoo, kisha nikawaeleza kwamba falsafa ina matawi. Liko linalouliza ni nini hasa kilichopo. Liko la mantiki, la kupima hoja. Na liko linalouliza binadamu anajuaje anachodai kukijua. Hapo nikang'ang'ania. Nikasema jicho hudanganya, asubuhi kuna ukungu, kuona si kujua. Lile tawi linalouliza tutende nini, ninalolipwa mshahara kulifundisha, sikulitaja kabisa.

Wazee walinisikiliza kwa heshima zote. Mwita peke yake ndiye aliyesema, "Mwalimu, mimi nimeuliza ulimwona nani."

Nikamjibu kwamba swali lake ni gumu kuliko anavyodhani. Ptuu! Kwa mdomo huu huu ninaosalia.

Mkutano ukaona kwamba kama hata mwalimu hana la kumtetea, basi mwizi ni yeye. Akafukuzwa kijijini, mkewe nyuma yake na mtoto mgongoni. Bhoke alilima kwa jembe la mkono msimu ule.

Jioni ya siku ile ya mkutano Mama Marwa aliniletea bakuli la nyama. Nilijua ni nyama gani. Nikala, nikalamba na vidole.

Sasa nikisikia harufu ya nyama natoka nje kutapika. Na Marwa ananiheshimu sana! Juzi alinisimamisha njiani, akacheka. "Mwalimu, ile falsafa yako tamu. Siku moja unifundishe na mimi." Miaka yote hii ya kushika chaki, aliyenielewa ni mwizi.

Mwita anabeba mizigo sokoni Mugumu. Nimekwenda huko zaidi ya mara moja nikitaka kumwomba msamaha. Nikimwona mgongo tu, nageuza.

Ndugu zangu, hasa mlioenda shule, ukiulizwa ulichokiona, sema ulichokiona. Ukijificha nyuma ya maneno makubwa, kuna mtu anafukuzwa kwake. Mwizi alimwondoa maksai, mimi nikamwondoa mtu. Msinifuate.

Mtauliza kwa nini sijaenda kuwaambia wazee haya. Nimesema nianze kwanza hapa, gazetini. Kisha nimesoma tena nilichoandika, nikajionea kinyaa upya. Jina langu nimelificha. La mwizi nimelibadilisha, na la mama yake, na la Bhoke. Jina la kweli la mtu humu ni moja tu, la Mwita.