Siku Mama Alipokula Bata Mzinga

Wapo ndugu zangu wanaosema kwamba mimi ndiye niliyemharibu mama. Wanasema nilimtoa kijijini Iyolwa akiwa na heshima zake zote, nikamweka mjini Busia, nikamlisha nyama ya ndege kwa mashine ya dukani. Nimewajibu kwa upole vya kutosha. Sasa naandika yaliyotokea, na sitaomba radhi mahali popote.

Kwetu, zamani, mwanamke hakuwa akila ndege. Si kuku, si kanga, wala yai. Wasichana wa siku hizi wakisikia hivyo wanacheka, maana wao wanasimama kando ya barabara kula chipsi na kuku bila kumwuliza mtu. Lakini mama yangu alilelewa na watu ambao hawakuwa na mzaha katika jambo hilo. Kuku alifugwa na mwanamke, akapikwa na mwanamke, na sahani ikaenda kwa wanaume. Firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba. Sisi wasichana tulikula ugali wa muhogo na mboga, na hata mchuzi wa kuku tulikatazwa kuulamba kwenye mwiko. Sababu tuliyopewa ilikuwa moja: mwanamke anayekula ndege atawazika watoto wake.

Mimi katazo hilo nililivunja nikiwa shule ya bweni. Rafiki yangu aliletewa kuku na wazazi wake, akanipa bawa, nikalila nyuma ya bweni na mifupa nikaifukia. Kwa siku tatu nilingoja niugue. Sikuugua. Nilikula tena, na tangu hapo sikuacha, lakini mama sikumwambia. Nikienda nyumbani likizo nilikula mboga pamoja naye kama kawaida. Huo ulikuwa uoga, na niliubeba mpaka nikawa mtu mzima mwenye nyumba yangu.

Baba alipofariki, mama alianza kufuga bata mzinga. Watu wa Iyolwa walimwambia ndege hao ni wasumbufu, na walisema kweli. Kifaranga wa bata mzinga hana akili. Akikanyaga majani yenye umande anakufa, na hata kula hajui mpaka afundishwe. Mama aliwalaza kwenye kikapu karibu na mafiga, na asubuhi alikaa chini akigonga sahani ya bati kwa kidole, tik tik tik, mpaka wakaja kudonoa. Waliponona aliwapeleka Tororo kwa wenye hoteli, hasa Krismasi ikikaribia. Kwa miaka mingi alilea ndege wenye mapaja makubwa kama ya mwanambuzi, na hakujua hata mmoja wao ana ladha gani.

Mwaka jana, siku ya mvua, alikuwa akimfukuza dume mmoja aingie bandani, akateleza na kuvunjika mkono wa kulia. Alifungwa plasta Tororo, mimi nikaenda kumchukua. Alikataa kuondoka bila yule dume. Alisema majirani watamla kabla hata bodaboda haijafika barabara kuu. Basi tukaja Busia watatu: mama, mimi, na bata mzinga kwenye gunia, kichwa nje, akiwatazama watu kama bwana mkubwa.

Ninaishi Busia upande wa Uganda, na kazi yangu iko karibu na mpaka. Nawajazia wafanyabiashara karatasi za forodha, hasa akina mama wanaovusha vitunguu na nguo. Moshi wa mkaa umenisumbua kifua kwa muda mrefu, ndiyo maana nilivuka upande wa Kenya nikanunua kikaango cha hewa. Ni chombo cha umeme, cheusi, kina droo kama ya kabati. Unaweka chakula ndani ya droo, feni inazungusha hewa ya moto, na chakula kinaiva bila kuelea kwenye mafuta. Ofisa wa mpakani aliniuliza ni nini, nikamwambia ni jiko. Hakuamini mpaka nilipovuta droo. Mama naye alikiita redio, kwa sababu kinanguruma na kisha kinalia kengele.

Baba yangu alikuwa na mdogo wake mmoja, na huyo ndiye baba yetu mdogo. Alikuwa mwanajeshi, akastaafu, akajenga Rubongi karibu na kambi ya jeshi. Nyumbani anazungumza Dhopadhola, lugha yetu, kama sisi, lakini akitaka kuamuru anageukia Kiswahili cha kambini, na sote tunajua kwamba mazungumzo yamekwisha. Sitaki kumsema vibaya kupita kiasi. Baba alipofariki yeye ndiye aliyechimba kaburi kwa mikono yake, na yeye ndiye aliyepandisha mabati mapya kwenye nyumba ya mama. Lakini tangu siku ile alijiona ndiye mwenye mji, na mama alikuwa mmoja wa vitu vilivyomo.

Alipiga simu kwamba atakuja Jumapili kumjulia hali mgonjwa. Kabla ya kukata aliuliza kama yule dume bado yupo. Mama alielewa. Jumamosi jirani yetu Mwislamu alituchinjia, ili naye apate kipande cha kuwapelekea watu wake, na mimi nilipika sufuria mbili. Jumapili baba mdogo alikula paja, akala firigisi, akasifu mchuzi. Mama alikula maharage. Na mimi, mwenye nyumba, niliyenunua hata chumvi iliyokuwa kwenye sufuria, nilikula kipande changu jikoni, nimesimama, nimeupa mlango mgongo. Nilijiona nilivyo, nikachukia.

Jioni mvua kubwa ilinyesha, akalala kwetu. Asubuhi ya Jumatatu ilikuwa bado inanyesha. Kwenye sufuria kilikuwa kimebaki kidari, kwa kuwa wanaume wa kwetu hawakipendi, wanasema ni kikavu. Nilikuwa na mkate wa slesi. Nikaamua kutengeneza sandwichi ya moto, na nikaamua pia kwamba leo nitailia mezani.

Nilikichana kidari vipande vyembamba kwa kufuata nyuzi zake, nikavichanganya na kitunguu, nyanya na pilipili kidogo. Nilipaka siagi upande wa nje wa mkate, nikapanga nyama ndani, nikafunika, nikaweka kwenye droo. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo. Ile feni ina nguvu. Iliuinua mkate wa juu kama karatasi, ukagonga chuma cha moto, na jikoni kukajaa harufu ya kuungua. Baba mdogo aliuliza kutoka sebuleni kama nyumba inawaka. Nilitupa ule mkate, nikachukua mwingine, na safari hii nikaushikilia kwa vijiti vya kuchokolea meno, viwili kila upande. Dakika nne, nikageuza, dakika tatu tena. Ulitoka na rangi ya kahawia, kingo zikivunjika ukizigusa, na siagi ikichemka juu yake.

Nilikata katikati, nikaweka sahani mezani, nikaketi. Baba mdogo alikuwa upande mmoja na kikombe chake cha chai, mama upande wa pili na mkono wake wenye plasta juu ya mto. Niling'ata mbele yao wote. Baba mdogo alitazama dirishani, kama mtu anayeona jambo la aibu na kumstahi mwenye kulifanya. Nadhani mimi alikuwa amekwisha kunifuta, mwanamke wa mjini.

Kisha mama akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipe na mimi."

Nilisita. Wale wanaosema nilimshawishi hawakuwapo hapo. Nilimwuliza kama ana hakika. Aliniambia alikuwa ananusa nyama hiyo tangu Jumamosi, na kwamba kabla ya Jumamosi alikuwa ameinusa maisha yake yote.

Baba mdogo aliweka kikombe chini. Akageukia Kiswahili. "Shemeji, acha. Hii chakula si ya wanawake. Wewe najua."

Mama hakuwa mtu wa kukijibu Kiswahili hicho. Kila mara alikipokea kwa kuinamisha kichwa. Siku ile alimtazama usoni akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, kile alichotumia kuuzia ndege Tororo.

"Mimi sijakula kuku hata siku moja," alisema. "Hata yai. Na watoto yangu wawili walikufa. Sasa wewe sema: nani alikula?"

Wale wawili walinitangulia mimi kuzaliwa. Mmoja aliondoka kwa surua, mwingine kwa homa, na nyumbani hawatajwi. Sikuwahi kumsikia mama akiwataja.

Mama alinyoosha mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa kwenye plasta, akachukua nusu yake. Kula kwa mkono wa kushoto ni jambo jingine ambalo alitufundisha tusilifanye kamwe. Alichomoa vijiti kwa meno, akaviweka kwenye sahani, akang'ata. Alitafuna polepole sana, macho ameyakaza mezani. Baba mdogo alinyanyuka, akaenda kusimama barazani.

Nilingoja. Sijui nilitarajia nini, labda alie, labda acheke. Alimeza, kisha akaniuliza, "Ni hii tu?"

Nikamwambia ndiyo, ni hiyo.

"Ni kavu," alisema.

Akaitazama ile sandwichi mkononi, na nikaona hasira inapanda usoni mwake, hasira ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya msiba wa baba. Alisema alidhani ni kitu kikubwa. Alisema wanaume walivyokuwa wakiificha, walivyokuwa wakihesabu vipande kwenye chungu ili kuhakikisha wanawake hawajaiba, alidhani humo ndani mna kitu ambacho mwanamke akikipata dunia itapinduka. Kumbe ni nyama. Nyama kavu. Halafu akaniagiza nilete mchuzi wa jana. Niliupasha moto, akachovya mkate na nyama, akala mpaka kipande kikaisha, akaomba kingine. Nilipovuta droo mara ya pili alikuja kusimama kando yangu aone jinsi vijiti vinavyochomekwa.

Baba mdogo aliondoka mvua ilipopungua. Mimi aliniaga, mama hakumuaga.

Wiki ile ile simu zilianza. Binamu mmoja, shangazi mmoja, kisha mtu wa ukoo ambaye hajawahi kunipigia hata nilipofiwa. Wote walisema jambo moja: mama alete kuku mmoja mweupe, aombe msamaha mbele ya wazee, na mambo yaishe. Walitaka nimweleze taratibu, kwa kuwa ni mzee na huenda kuumia kumemchanganya akili. Nilimpa mama simu. Alimsikiliza yule mtu wa ukoo mpaka mwisho, akamwambia kwamba kuku anaye, lakini huyo kuku atamla mwenyewe. Akanirudishia simu.

Plasta ilipotolewa alirudi Iyolwa. Nilihofia wangemtenga. Wengine walijaribu, na wanawake wawili wa kikundi chake cha kanisani walihama benchi. Mama alibaki kwenye benchi lile lile, akajitanua. Alinunua vifaranga wapya wa bata mzinga, sita, na wanne walipona. Umeme haujafika kwake, kwa hiyo ananiuliza kwenye simu kama mkate unaweza kubanwa kati ya sufuria mbili juu ya mkaa, na mimi namwambia ajaribu aone.

Yapo yaliyopotea, na sitajifanya hayapo. Baba mdogo ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye alicheza na baba yangu utotoni. Zamani alikuja kwa mama kila mwezi, wakakaa, wakamkumbuka baba pamoja na kucheka. Hakuna mwingine anayeweza kucheka naye namna ile. Mama hasemi kwamba anamkosa, lakini pikipiki ikipunguza mwendo barabarani anainua kichwa.

Pasaka iliyopita baba mdogo alinipigia simu. Alizunguka sana, akauliza habari za kazi, za kifua changu, za mvua. Mwishoni akauliza kama mama atachinja. Nilimwuliza mama, naye akaniambia nimjibu hivi: atachinja, na shemeji anakaribishwa kama siku zote, lakini nyama itawekwa katikati ya meza, na kila mtu atachukua kipande anachokipenda, na firigisi itakatwa igawanywe. Nilimfikishia maneno hayo kama yalivyo. Akasema amesikia.

Siku yenyewe nilikwenda Iyolwa, tukamwekea kiti na sahani. Tulimngoja mpaka chakula kikaanza kupoa, na hakuja. Mama akanawa mikono, akasali kwa kifupi, akavuta bakuli karibu yake. Alichukua paja.