Kanga Mbele ya Mashine

Kwetu Wanyakyusa mke wa mwanangu haonani na baba mkwe wake. Wakikutana njiani, yeye hujificha mpaka mzee apite. Usicheke, ndivyo tulivyolelewa.

Sasa mzee wangu, mume wangu, akaanguka kutoka mtini akikata chikichi kule Ngana. Kufika zahanati, anatweta kama samaki mchangani, midomo imebadilika rangi. Zahanati ilikuwa ya mtu binafsi, miaka ile ya soko huria zilikuwa zinaota kama uyoga. Eksirei hawana.

Daktari akasema, "Bila picha sijui kama pafu limepasuka likavujisha hewa kifuani au ni mbavu tu. Siwezi kumtoboa mtu kwa kubahatisha. Aende Mbeya."

Nikamtazama mzee. Mbeya ingefika maiti.

Pale kulikuwa na mashine ya kupimia wajawazito, na fundi wake ni mkwe wangu, mama wa wajukuu zangu. Akasema akiwa nje ya mlango, "Mashine hii huonyesha pafu likicheza. Nilifundishwa."

Mzee akatikisa kichwa. "Mkwe anione kifua? Heri nife."

"Utakufa siku nyingine," nikamwambia.

Nikavua kanga ya juu. Daktari akashika pindo moja, muuguzi jingine. Mkwe akaingia, akakaa na kioo chake upande wa pili. Na mimi niliyeishia darasa la pili nikashika kile kidude chenye waya, kimepakwa uji wa baridi, nikakibandika kifuani kwa mzee.

"Kulia kwanza, mama. Katikati ya mbavu. Daktari, ona mstari unavyoteleza akivuta pumzi. Hilo zima. Sasa kushoto, mama."

Nikahamisha.

"Mstari umesimama. Shuka pembeni kidogo. Kidogo tena. Hapo! Unateleza, unasimama. Hapo ndipo pafu linapoishia, juu yake ni hewa tupu. Limesinyaa."

Daktari akaja kwenye kioo, akatazama mara mbili, akamwachia muuguzi kanga yote. Alipochoma sindano, hewa ikatoka kama ya tairi la baiskeli. Kisha akaweka mpira mwembamba wa kutolea hewa. Midomo ikarudi rangi yake. Neno la kwanza la mzee: "Nyanyueni hiyo kanga, inashuka."

Alipopona, wenzake walimchokoza kilabuni. "Kumbe mkwe amekuona kifua wazi, tena kwa mashine ya wajawazito!"

"Ameona mapafu yangu," akawajibu. "Mimi hajaniona."

Kisha akanituma kwa mkwe na jogoo. "Mwambie, ndaga fijo. Asante sana."

Jogoo nilimbeba mwenyewe, nikapita naye katikati ya soko, watu waniulize ni wa nani, nami niwaambie ni wa mkwe wangu.