Korongo Mbele

Kabla ya kuomba kazi ya kutembeza wageni kisiwani, Dobi alikuwa amepiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni hadi viganja vikawa sugu. Mama mwenye nyumba alimpa siku moja ya majaribio, na sharti lilikuwa fupi: wageni wamwone korongo, la sivyo arudi kwenye pasi.

Basi asubuhi akatangulia njiani. Nyuma yake walifuata mzee mstaafu na mkewe, na nyuma kabisa mama mwenyewe, aliyekuja kusimamia akiwa na viatu vyeupe.

Hadi jua linakuwa kali walikuwa wamemwona kenge aliyewapa mgongo, na kaa waliotimua mbio. Kisha mzee akaelekeza darubini kwenye mikoko.

"Ndege mweupe, mkubwa. Ametulia kweli."

Moyo wa Dobi ukaruka, halafu ukarudi mahali pake. "Hiyo ni foronya yetu, mzee. Upepo wa jana."

"Mbona ana mabawa?"

"Ina vifungo, baba watoto," mkewe akamwambia.

Mama mwenye nyumba hakucheka. "Dobi, pasi inakungoja."

Dobi akakaza mwendo, macho matawini, na ni bahati tu iliyomfanya atupe jicho chini: maji ya mvua yalikuwa yamechimba bonde jembamba, refu, katikati ya njia. Akawaonya kwa mnong'ono, asije akawafukuza ndege.

"Korongo mbele."

Wote watatu wakainua nyuso juu na kuharakisha. Mzee alidakwa ukosi na mkewe. Mama, aliyekwisha kuwapita wote, hakuwa na wa kumdaka. Akaporomoka kifudifudi hadi kwenye tope. Humo alikuwamo ndege wa miguu mirefu akijitafutia vyura. Akashtuka, akapiga mabawa, akawapitia vichwani.

"Korongo huyo," mke wa mzee akasema taratibu.

"Sijamwona," sauti ikatoka chini.

"Sisi tumemwona, mama. Tena tutawaleta na wifi zangu."

Dobi akashuka kumpa mkono, huku akitambua kwamba tope lile halitoki kwa sabuni ya kawaida. Mama akajipangusa macho.

"Wa kupiga pasi nitamtafuta," akasema. "Lakini kuanzia kesho, Dobi, ama useme yupo, ama useme lipo. Usituachie korongo tupu."