Chini ya Kilalo

Asubuhi ilianza kwa vijiko. Treni ya kwanza ikipita juu ya daraja la reli mbele ya dirisha letu, vijiko vya Mama Mdogo vililia kabatini, nami nikajua kumekucha Brussels, kwa maana jua la huko halikuwa na mazoea ya kutoa taarifa. Nilitoka Bukavu nikiwa na miaka tisa, nikaletwa kwa huyo mdogo wake mama, aliyesafisha ofisi za wakubwa wa Ulaya. Alirudi amechoka hata kuzungumza, nami nilikuwa mtoto wa kukaa ndani kama chungu, basi nikalitazama daraja.

Lilikuwa la matofali mekundu, meusi kwa moshi wa treni za mvuke za zamani. Mwalimu alitueleza kwamba treni zile ziliogopa mlima, ndiyo maana bonde zima likavukwa kwa matao. Kila tao lilijengwa juu ya kiunzi cha mbao. Tofali la kileleni likishakaa, mbao huondolewa, matao yakabaki yakiegemeana. Moja likianguka huvuta jirani yake, kwa hiyo kila baada ya matao kadhaa waliweka nguzo nene, ili maafa yakomee hapo. Darasa zima lilipiga miayo. Mimi nilisikiliza kama anayesimuliwa habari za ukoo wake.

Kisha akaja Neema, binti wa Kitanzania, mtu wa kwanza shuleni kuniamkia kwa Kiswahili. Nilimtaka awe rafiki yangu kuliko kitu chochote, ukiacha kurudi nyumbani. Akaniuliza ninakaa wapi. Nikajibu, "Chini ya kilalo." Sisi wa Kivu, daraja ni kilalo. Neema, wa Kiswahili kilichopigwa pasi, akasikia chini, akasikia kulala. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Mimi sikujikwaa, neno ndilo lililojikwaa kati ya Bukavu na Dodoma.

Jumamosi Neema alifika na wazazi wake kwa tramu, baba amejitwisha godoro.

"Dada, samahani," mama yake akasema, "tumesikia mtoto analala sakafuni."

Mama Mdogo aliziba mlango kama ile nguzo nene. "Bon, maman. Hapa mutoto analalaka ku kitanda. Murudishe matela yenu."

Nyuma ya sketi yake nililijua neno moja la kutengeneza yote. Daraja. Halikutoka. Neema alinitazama kama mwongo aliyemtia aibu mama yake, na Jumatatu akahamia dawati lingine.

Siku hizi naishi peke yangu mtaa uleule, bado mtu wa ndani, ila sasa ninalipa kodi ya kukaa ndani. Matofali yamesuguliwa, treni hazina kelele. Majirani ni wastaarabu mno: tunasalimiana kwa kichwa kwenye lifti, kila mtu na mlango wake. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninakaa wapi, sembuse kunibebea godoro. Hawanijui hata kiasi cha kunielewa vibaya.